Ramani za lugha zinatupotosha

Mhariri,

Ramani kama mnazochapisha, zinazopaka kila nchi rangi ya lugha moja, zinawapotosha wajukuu zetu. Kihungari si cha Hungaria pekee. Mkataba wa Trianon wa 1920, wa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ulihamisha mipaka ya Hungaria, watu wakabaki majumbani mwao. Ndiyo maana hadi leo kinasemwa Transylvania nchini Romania, kusini mwa Slovakia, Vojvodina huko Serbia na Zakarpattia ya Ukraine. Kiuzbeki nacho utakisikia Osh, Kirgizistan, na Sheberghan kaskazini mwa Afghanistan, ambako huandikwa kwa herufi za Kiarabu, ilhali Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, wanatumia za Kilatini na hata za Kirusi. (Majina yanakwaza ulimi, najua.)

Sisi wa Lamu hatuna haja ya kufika huko. Marehemu mamangu alizaliwa Kiunga, upande huu wa mpaka, na wifi zake wa Kismayu, Somalia, walisema Kibajuni, lahaja ya Kiswahili, kama yeye. Wakija harusini walikesha wakitaniana hadi alfajiri bila mkalimani. Lakini ramani iliyotundikwa darasani kwa mjukuu wangu imeipaka Somalia yote Kisomali. Watu wa mji wa Barawa huko huko Somalia na Chimiini chao, nacho jamaa ya Kiswahili, hawamo kabisa! Mkichapisha ramani nyingine, waulizeni kwanza manahodha wa hapa.

Bibi wa Langoni,
Lamu