FLAC imesingiziwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nimjibu mwandishi wa ukurasa wa teknolojia, aliyetushauri sisi wenye santuri na kaseti za zamani namna ya kuziingiza kwenye kompyuta. Nimemsoma kwa furaha, maana jambo hili haliandikwi mara nyingi. Ila kuna sentensi moja iliyonikwama kooni: kwamba tuhifadhi kila kitu kwa WAV, aina ya faili ya sauti ambayo kwa kawaida haibanwi, na tuikwepe aina nyingine iitwayo FLAC, kwa kuwa FLAC hubana, na kinachobanwa lazima kipungue.

Mimi ni mhasibu mstaafu. Marehemu kaka yangu aliniachia kabati la muziki: santuri, kaseti, na CD chache alizonunua uzeeni. Sina sikio la fundi wa studio, na siku hizi zile sauti nyembamba za juu kabisa hazinifikii tena. Lakini hesabu naijua, na suala hili ni la hesabu kabla halijawa la sikio.

MP3 hubana kwa kutupa. Huacha zile sehemu za sauti ambazo wabunifu wake walikadiria kwamba mtu hatazisikia, na kilichotupwa ndiyo kimekwenda. FLAC haitupi kitu. Sauti ndani ya kompyuta ni mfululizo wa namba; FLAC hutazama namba zilizotangulia, ikabashiri inayofuata ni ngapi, kisha ikaandika ile tofauti tu kati ya ubashiri na namba halisi. Kwa kawaida tofauti huwa ndogo, nayo huchukua nafasi ndogo. Wakati wa kusikiliza, programu hubashiri vilevile, ikajumlisha tofauti, na namba ya awali ikarudi kama ilivyokuwa, biti kwa biti. Asiyeamini ajaribu: achukue faili ya WAV, aibane kuwa FLAC, aifumue tena kuwa WAV, kisha azifungue zote mbili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, ageuze mawimbi ya moja juu chini na kuzichanganya. Atakachopata ni mstari mnyoofu, kimya kitupu. Akifanya hivyo kwa MP3 atasikia masalia yakichakarika.

Ndiyo maana hunichekesha kuona watu wazima wakibishana kama FLAC iliyobanwa kwa kiwango cha 8 inasikika vizuri kuliko ya kiwango cha 0. Viwango hivyo vinahusu muda ambao kompyuta itautumia kutafuta ubashiri bora, basi. Mimi huacha 5, kama programu inavyokuja.

Kuhusu nafasi sitasema mengi. Saa moja ya muziki wa CD, yaani sampuli (zile namba za sauti) 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16, hula takriban megabaiti 635 kwa WAV. FLAC mara nyingi huishusha hadi nusu au kuizidi nusu kidogo. Santuri yenye mikwaruzo haibaniki sana, kwa sababu mikwaruzo haibashiriki. Diski zimekuwa kubwa, na kama hoja ingekuwa nafasi peke yake nisingekusumbua kwa barua.

Hoja yangu ni uhakiki. Programu ya kawaida ya FLAC huandika mwanzoni mwa faili namba ndefu iitwayo MD5, iliyokokotolewa kutoka kwenye sauti yenyewe kabla ya kubanwa. Katika uhasibu tulikuwa na jumla ya udhibiti: unajumlisha hati kabla hazijaingia kwenye daftari, unajumlisha tena zikishaingia, na zisipolingana hakuna anayeondoka ofisini. MD5 hufanya kazi hiyohiyo. Tena kila kipande kidogo cha sauti ndani ya faili kina namba yake ya ukaguzi, hivyo palipoharibika panajulikana.

Hili si la nadharia kwangu. Diski yangu moja ya nje ilianza kuoza kimyakimya. Faili zilikuwa zinafunguka, majina yapo, ukubwa uleule. Nilipozipitisha kwenye amri ya ukaguzi, flac -t, mojawapo ikakataliwa. Nikaifuta, nikachukua nakala yake kutoka diski ya pili, nikaikagua nayo, ikapita. Kama ingekuwa WAV nisingepata taarifa yoyote, na siku ya kusawazisha diski mbili huenda ningeinakili mbovu juu ya nzima huku nikijipongeza kwa kutunza nakala rudufu. WAV ilitolewa na Microsoft na IBM mwaka 1991 na haikuwekewa namba ya namna hiyo. Pia faili ya WAV ya kawaida haiwezi kuvuka gigabaiti 4, kwa hiyo ukirekodi stereo kwa biti 24 na kilohezi 96 (sampuli 96,000 kwa sekunde), muda kidogo tu baada ya saa mbili imejaa.

Mwandishi wako anaweza kunijibu kwamba maktaba kubwa za sauti zinahifadhi kwa WAV. Ni kweli, na hata mwongozo wa IASA, chama cha kimataifa cha maktaba hizo, unaelekeza huko. Lakini maktaba zina watumishi, zina katalogi, na namba za uhakiki huziweka pembeni kwenye kumbukumbu zao. Nyumbani kwangu mtumishi ni mimi, na nikiondoka ataachiwa mjukuu asiyejua katalogi ni nini. Namba iliyomo ndani ya faili yenyewe itamfikia bila maelezo yangu.

Itamfikia pamoja na maneno ya kaka. Kwenye makasha ya kaseti zake aliandika kwa kalamu nyekundu nani anapiga, nani alimrekodia, na mara nyingine malalamiko makali kuhusu mpiga gitaa. Yote nayaingiza ndani ya faili, na picha ya kasha pia. WAV nayo ina sehemu ya maelezo, ila kila programu huisoma kivyake, na nyingine haziisomi kabisa.

Wenye vifaa vya Apple wasiogope kutumia ALAC, aina ya faili ya Apple yenyewe, ambayo nayo haipotezi kitu na msimbo wake uliwekwa wazi mwaka 2011. Kutoka ALAC kwenda FLAC na kurudi, sauti ni ileile. Mimi nimebaki na FLAC kwa kuwa ilikuwa huru tangu mwanzo, na Desemba 2024 IETF, jumuiya inayoweka viwango vya intaneti, iliichapisha kama kiwango rasmi, RFC 9639, kwa hiyo mhandisi yeyote anaweza kuunda kisomeo chake bila kumwomba mtu ruhusa. Ila kugeuza MP3 zako kuwa FLAC ni kununua sanduku kubwa la kuwekea nguo zilezile.

Kinachoamua ubora ni kile kinachotokea kabla ya faili kuzaliwa: sindano safi, kichwa cha deki kilichosafishwa na kunyooshwa kilingane na utepe, sauti isiyogonga kilele. IASA hupendekeza angalau biti 24 na kilohezi 48 kwa vitu vya analogi. Hapo ndipo mwandishi wako angetumia wino wake.

Na kuna ushauri wake wa mwisho, kwamba tukishamaliza tutupe kaseti na santuri ili tupate nafasi ndani ya nyumba. Huo naomba ukurasa wenu uurekebishe mapema, kabla wasomaji hawajaanza kuutekeleza. Deki bora ikipatikana kesho, kaseti inaweza kusomwa upya na kutoa zaidi ya ilichotoa jana. Faili haiwezi kutoa zaidi ya ilichopewa.

Mhasibu mstaafu
(jina kamili analo mhariri)