Mpwa wangu, hilo gitaa lijue kunyamaza

Mpwa wangu,

Rekodi ya mazoezi ya bendi yenu uliyonituma nimeisikiliza mara tatu. Vidole vyako ni vyepesi, na taabu inaanzia hapo hapo. Umelelewa na sebene, ambako gitaa halipumziki. Hizi nyimbo tatu za soul, muziki wa Wamarekani weusi, ya mji wa Memphis, Marekani, mlizopewa zinataka mengine kabisa.

Anza na In the Midnight Hour. Mwimbaji Wilson Pickett na mpiga gitaa Steve Cropper waliutunga mwaka 1965 katika Lorraine Motel, ukarekodiwa Stax, studio iliyokuwa jumba la sinema. Prodyuza Jerry Wexler alitoka kwenye chumba cha mitambo akawachezea wanamuziki dansi iliyokuwa ikivuma kwa vijana, wauone uzito unaangukia wapi. Ndipo Al Jackson kwenye dramu na Cropper kwenye gitaa wakalichelewesha kidogo pigo la pili na la nne. Ni kidogo mno. Mwili unalisikia kabla ya sikio.

Ninyi mmechelewa wote. Besi imewafuata nyuma, ndiyo maana ubeti wa tatu unajikokota kama gari lililoishiwa mafuta. Kwenye rekodi ile, Duck Dunn na besi yake habanduki kwenye pigo. Snea, ile dramu ya mlio mkali, na gitaa ndivyo vinavyoegemea nyuma yake. Wekeni metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 112 kwa dakika. Besi ipige peke yake dakika mbili, aingie mpiga dramu, wewe uje mwisho. Kila kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ikate papo hapo: legeza vidole vya kushoto bila kuviinua kwenye nyuzi. Ilie fupi kama kofi, halafu kimya.

Utangulizi wake ni kodi za D, B, A, G, unatua E, zote meja, yaani za sauti angavu, si maina zenye huzuni. D ishike freti (kigawanyo cha shingo ya gitaa) ya tano kwenye uzi wa A. Zinazofuata ziko uzi wa E mzito, freti ya saba, ya tano na ya tatu. Sasa geuza mpangilio huo kichwa chini: E, G, A, B, D. Huo ni utangulizi wa Knock on Wood, ambao Cropper aliutunga na mwimbaji Eddie Floyd mwaka 1966. Ukiujua mmoja umeujua wa pili, lakini jukwaani msizipange zikafuatana.

The Dock of the Bay ndiyo iliyoniuma. Umepiga B maina na A maina, kwa kuwa kanuni za ufunguo wa G zinasema hivyo. Mwimbaji wake, Otis Redding, alizikaza nyuzi za gitaa lake zitoe kodi ya meja hata zisipobanwa, akabana nyuzi zote kwa kidole kimoja, basi kodi zake zikawa meja tupu. Ubeti ni G, B, C, kisha unateremka freti moja moja, B, B-flati, hadi A. Kiitikio kinarudi G na E. Ile E meja ndiyo inayoubeba upweke wote wa wimbo. Ukiifanya maina, unabaki na wimbo wa huzuni wa kawaida tu.

Hamna tarumbeta wala saksafoni, najua. Stax hawakutegemea waitikiaji. Mwimbaji alijibiwa na tarumbeta na saksafoni, na Otis alizoea kuwaimbia wapulizaji kwa mdomo vipande vyao. Mpe mpiga kinanda noti tatu zilizobanana, azipige mwimbaji anapovuta pumzi tu. Akizipiga juu ya maneno, mwimbaji ataanza kupiga kelele ili asikike.

Otis alifariki tarehe 10 Desemba 1967, ndege ilipoanguka Ziwa Monona, Wisconsin, siku chache baada ya kumaliza kurekodi. Mawimbi na shakwe unaowasikia aliwaongeza Cropper baadaye. Kinanda kisijaribu kuwaiga. Mluzi wa mwisho mwachieni mwimbaji, nawe punguza gitaa taratibu mpaka abaki peke yake.

Besi ikinyooka, nitumie rekodi nyingine.

Mjomba wako