Kampuni za intaneti zituandikie kasi ya usiku

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyouziwa intaneti ya nyumbani, jambo ambalo sasa linagusa kila familia yenye mtoto wa shule au mtu anayefanyia kazi sebuleni mwake. Hapa Mombasa mawakala wa mauzo wanabisha hodi mlango kwa mlango, na kila kipeperushi wanachoacha kina tarakimu moja iliyokolezwa rangi: 15, 30, 80, 500. Hiyo ndiyo kasi, tunaambiwa, na hiyo ndiyo tunayolipia. Ombi langu ni kwamba Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iziagize kampuni zimkabidhi mteja, kabla hajatoa hata shilingi moja, karatasi inayosomeka yenye kasi halisi ya saa za jioni, kasi ya kupakia (yaani ya kutuma data kutoka kwako), kikomo cha matumizi na muda ambao fundi atachukua kufika pakiwa na hitilafu.

Tuitazame tarakimu yenyewe. Kasi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali ukubwa wa faili tunazopakua hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo kifurushi cha megabiti 15, hata kikifanya kazi kwa ukamilifu wake, hakifikishi megabaiti mbili kwa sekunde, na faili ya megabaiti 900 itachukua kama dakika 8 kupakuliwa. Wateja wengi hawaelezwi tofauti hii, kisha wanadhani wameibiwa siku ya kwanza.

Lililo zito zaidi ni neno "hadi" linalotangulia tarakimu hiyo. Katika mfumo wa faiba, yaani nyuzi nyembamba za kioo zinazobeba mawasiliano kwa mwanga, unaotumika sana majumbani, uzi mmoja kutoka kituo cha kampuni hugawanywa kwa nyumba 32 au hata 64, na nyumba zote hizo hugawana takriban gigabiti 2.5 (megabiti 2,500) kwa sekunde za kupakua. Mgawanyo huo peke yake hauleti shida kubwa, kwa kuwa si wote wanaotumia kwa wakati mmoja. Shida huanza pale kampuni, hasa zile ndogo zinazonunua uwezo kwa jumla kutoka kwa kampuni kubwa na kuuza rejareja mtaani, inapoendelea kuunganisha wateja wapya bila kupanua njia yake ya kutoka mtaani kwenda kwenye intaneti. Saa nne asubuhi mambo huwa shwari. Saa mbili usiku, watu wakiwa wamerudi nyumbani na kila chumba kina mtu anayetazama video, kasi hushuka, na mteja akipiga simu huambiwa azime ruta na kuiwasha tena. Ndiyo maana namshauri yeyote anayetaka kuunganishwa aachane kwanza na kipeperushi, aende kwa jirani wa jengo lilelile anayetumia kampuni ileile, amwombe apime kasi usiku mbele yake. Sifa za kampuni katika mtaa mwingine hazimfai kitu, kwa sababu msongamano ni wa eneo.

Familia nyingi, kwa maoni yangu, hununua kasi wasiyoihitaji. Netflix, kwa mfano, hupendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya ubora wa juu wa kawaida na megabiti 15 kwa ule wa juu kabisa. Nyumba yenye televisheni mbili, mkutano mmoja wa video na watoto wanaosoma inatoshwa na megabiti 30 zinazofika kweli. Safaricom, baada ya kupandisha kasi za vifurushi vyake mwaka 2024, iliuza megabiti 30 kwa shilingi 4,100 kwa mwezi na megabiti 80 kwa shilingi 6,299. Tofauti hiyo ya zaidi ya shilingi 2,000 kila mwezi si ndogo kwa mtu wa mshahara wa kawaida, na mara nyingi hailipii chochote, kwa sababu kikwazo kiko ndani ya nyumba. Wakazi wa Mji wa Kale wanalijua hili vizuri: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa huyazuia mawimbi ya ruta, hasa yale ya gigahezi 5 yenye kasi kubwa, hivi kwamba chumba cha pili hakipati kitu hata kama waya ulioingia sebuleni una kasi ya kutosha. Anayeishi katika nyumba ya namna hiyo afadhali atandaze waya hadi chumba cha ndani na kuweka ruta ya pili, badala ya kupanda ngazi ya kifurushi.

Kasi ya kupakia haitajwi kabisa kwenye vipeperushi, ingawa ndiyo inayobeba sauti na picha yako unapokuwa kwenye mkutano au unapofundisha kwa video. Faiba kwa kawaida huwa nzuri kwa upande huu kuliko intaneti ya minara ya simu ya 5G na ile ya setilaiti. Kuhusu setilaiti, Starlink iliyoanza kuuzwa nchini Julai 2023 imewasaidia kweli watu wa sehemu ambako waya wa faiba haujafika, kwa kuwa setilaiti zake huzunguka umbali wa takriban kilomita 550 kutoka ardhini, tofauti na zile za zamani zilizo karibu kilomita 36,000, na kwa hiyo mazungumzo hayacheleweshwi sana. Mtu wa Kinango au Garsen hana sababu ya kungoja faiba. Lakini anga nayo hujaa: Novemba 2024 kampuni hiyo ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa kuwa uwezo wake ulikuwa umetumika wote, ikaja kufungua tena mwaka uliofuata. Mtu wa mjini mwenye faiba mlangoni asiikimbilie kwa sababu ya upya wake.

Kuna swali jingine ambalo mawakala hawapendi kuulizwa, nalo ni kampuni inaunganishwa na nje ya nchi kwa njia ngapi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Kampuni zenye uwezo kwenye nyaya nyingine, kama TEAMS inayotoka Fujairah, Falme za Kiarabu, hadi hapa Mombasa tangu 2009, zilikuwa na pa kuhamishia mawasiliano. Aliyetegemea njia moja alikaa akisubiri, na mteja wake pia. Vivyo hivyo kwa umeme: betri ndogo ya volti 12 inaweza kuiweka ruta hai kwa saa kadhaa stima zikipotea, lakini kama kampuni imeweka kifaa cha kugawia laini kwenye ngazi za jengo bila betri yake, ile yako haitakusaidia lolote. Ulizeni kabla ya kulipa.

Haya yote, hata hivyo, yanamfaa mtu mwenye nafasi ya kuchagua, na wapangaji wengi hatunayo. Katika jengo ninaloishi ni kampuni moja tu iliyoruhusiwa kupitisha nyaya. Wapangaji walioleta kampuni nyingine waliambiwa na msimamizi kwamba mwenye nyumba ana makubaliano na ile ya kwanza, na fundi akarudishwa langoni. Najua majengo mengine mengi ya namna hii, Nyali na Bamburi, na jamaa zangu wa Nairobi wananieleza kwamba huko ni vivyo hivyo. Mwenye nyumba ana haki ya kulinda kuta zake zisitobolewe ovyo. Hana haki, naamini kwa dhati, ya kuuza uhuru wa mpangaji wa kununua huduma anayoilipia kwa fedha zake mwenyewe. Mamlaka ya Mawasiliano na ile ya Ushindani zikae pamoja zitoe mwongozo ulio wazi: kila jengo jipya la kupangisha liwe na mfereji wa nyaya ambao kampuni yoyote yenye leseni inaweza kuutumia, na makubaliano ya kufungia wengine nje yasitambuliwe.

Sheria ya kuanzia tayari tunayo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nayo, na kanuni za mwaka 2010 za kulinda watumiaji wa huduma za mawasiliano zinataja haki ya kupewa maelezo kamili kuhusu bei na masharti. Kinachokosekana ni kusema maelezo hayo yawe yapi na yakae wapi. Marekani, tangu Aprili 2024, kampuni kubwa zinatakiwa kuonyesha mahali pa kuuzia kibandiko chenye bei, ada zote, kasi ya kupakua na ya kupakia, ucheleweshaji na kikomo cha data. Uingereza, tangu Mei 2018, kasi inayotajwa kwenye tangazo lazima iwe ile ambayo angalau nusu ya wateja wanaipata kati ya saa mbili na saa nne usiku. Hakuna katika hayo lililo gumu kwa kampuni zetu, ambazo zinaweza kupima kwa mitambo yao msongamano wa kila eneo.

Jambo la mwisho ni fidia. Wengi wetu tunalipa mwezi mzima mapema, na huduma ikikatika siku kadhaa, siku hizo zinapotea tu. Anayezidai hutumwa kutoka idara moja hadi nyingine mpaka anachoka. Kampuni kubwa za Uingereza zilizojiunga na mpango wa fidia ulioanza Aprili 2019 humlipa mteja bila yeye kudai, ikiwa laini iliyokatika haijarudi baada ya siku mbili za kazi. Sisi tungetosheka na kidogo kuliko hicho: siku ambazo hatukuwa na huduma ziongezwe mwishoni mwa mwezi, zenyewe, bila mtu kupiga simu.

Mpangaji,
Tudor, Mombasa