Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Njia Mpya na Hali ya Majabali Yetu ya Mwanza

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha wakweaji miamba, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka tunaoufunga. Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mimi nitajikita katika majabali yenyewe, kwa kuwa mwaka huu ndiyo yaliyotupa kazi nyingi kuliko jambo jingine lolote.

Katika mkutano mkuu uliopita tuliazimia kufungua njia sita, nasi tumefungua tatu. Ya kwanza inafuata ufa ulionyooka kwenye jabali refu linalotazama ziwa. Ufa huo unameza kiganja chote hadi kifundoni na unapokea vizuri tangu chini kabari za kushikilia kamba, kwa hiyo hatukutoboa mwamba popote isipokuwa matundu mawili ya boliti za juu, zile za kushukia. Tumeipa daraja la ugumu la 5c. Ya pili inapita kwenye bamba la mwinamo lisilo na pa kushika, ambapo mkweaji hutegemea msuguano wa soli zake na chembe ngumu za madini ya kwatzi zilizochomoza kwenye jiwe, na daraja lake ni 6a+. Nashauri ikwewe alfajiri, kwa sababu jua la mchana hulipasha jiwe moto na mpira wa viatu ukaanza kuteleza. Ya tatu ni fupi, imetengwa kwa wanaojifunza, na kamba yake hufungwa juu kabla mtu hajaanza kupanda.

Nakuja sasa kwenye zile tatu zilizobaki. Mwezi wa Agosti, tulipokuwa tukisafisha njia ya nne kwenye kilima chenye makazi, ganda la mwamba lenye ukubwa wa ndoo lilibanduka, likadunda mara mbili, likatoboa bati la jiko la nyumba iliyo chini. Mwenye nyumba alikuwa sokoni na watoto walikuwa shuleni, hivyo hakuna aliyeumia. Nilikwenda jioni ile ile pamoja na mwenyekiti wa mtaa na balozi, tukaomba radhi, na paa likatengenezwa kwa gharama ya chama. Mama yule alitupokea kwa staha tusiyoistahili. Aliuliza jambo moja tu: kwa nini watu waliokuwa wakifanya kazi juu ya paa lake kwa wiki tatu hawakuwahi kupiga hodi. Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Tulikuwa na barua ya ruhusa ya serikali ya mtaa, lakini barua haikuwa imefika kwake, wala sisi hatukufika.

Kamati ilisimamisha kazi katika njia zote tatu za kilima kile, na nasimamia uamuzi huo. Wanachama wapya wataelewa vizuri zaidi wakifahamu jinsi majabali yetu yalivyopatikana. Graniti ya Mwanza ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilipoa ikiwa ndani kabisa ya ardhi, ikapasuka katika nyufa zinazokatana. Maji yakaingia katika nyufa hizo na kuzilainisha kingo, kisha udongo uliofunika ukachukuliwa na mvua, yakabaki mawe ya mviringo yaliyopangana kama mtu ameyapanga kwa mkono. Jiwe lililokaa juu ya jingine mara nyingi halijashikana nalo. Aidha, uso wa graniti hubanduka kwa maganda, na ganda linaweza kuonekana imara kwa macho huku nyuma yake ni uwazi mtupu. Ndiyo maana kila mwenye keekee hutakiwa kwanza kugonga mwamba kwa nyundo na kusikiliza: mlio mkali na mfupi ni wa jiwe zima, mlio kama wa debe tupu ni wa ganda. Kwenye njia ya nne tuligonga pale tulipotaka kuweka boliti, lakini hatukugonga pale tulipokanyaga.

Katika njia za zamani tumeng'oa boliti zote za chuma cha kawaida zilizokuwa zimeshika kutu na kuweka za chuma kisichoshika kutu. Naomba pia desturi ya kuchanganya boliti ya aina moja na kishikio cha chuma cha aina nyingine ikome kabisa, kwa kuwa metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, moja huliwa upesi kuliko kawaida.

Wapo wanachama walioleta malalamiko dhidi ya wapondaji kokoto, ambao huwasha moto juu ya jiwe hadi lipasuke na kuharibu sehemu tulizozoea kufanyia mazoezi. Naelewa uchungu huo, maana jabali nililojifunzia mimi limekwisha kugeuzwa kokoto. Hata hivyo, chama hakitapeleka mashtaka dhidi ya watu wanaosomesha watoto kwa nyundo. Tutazungumza nao kuhusu mawe machache tunayoyahitaji, jiwe kwa jiwe, tukianza na yale ambayo wao wenyewe huyaona magumu mno kupondeka. Pale ambapo wazee wanasema ni mahali pa matambiko, hatupandi. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013 na kiko chini ya TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania. Hatutaweka boliti huko, na anayekwenda aende kama mgeni wa hifadhi.

Kwa mwaka ujao kamati inaleta mapendekezo mawili ya kupigiwa kura. La kwanza, njia yoyote yenye nyumba chini yake isianze kusafishwa kabla ya wanachama wawili kufika katika kila nyumba na kuzungumza na wenyeji. La pili, sehemu ya ada zetu itengwe kwa ajili ya kofia ngumu za kuazima, kwa sababu bado tuna washika kamba wanaosimama chini ya mwamba kichwa wazi. Njia ya nne itabaki imefungwa hadi mama yule atakaporidhia, na asiporidhia tutang'oa boliti mbili tulizokwisha kuweka na kuyaziba matundu yake.

Naomba kuwasilisha.