Nahodha, huku samaki hukaguliwa pezi kwanza

Seattle,
Septemba 2025

Ndugu yangu Nahodha,

Assalaam alaykum. Sisi huku tu wazima, watoto wamerudi shule, na shemeji yako anakusalimu sana. Pole kwa mashine iliyokufia baharini. Nimefurahi kusikia vijana wa Kigombe walikukokota mpaka pwani, ingawa najua watakusimanga kwa hilo hadi Ramadhani.

Sasa ujumbe wako wa sauti. Nimekusikia ulivyocheka. Umeiona picha ya yule samaki wangu, samoni, ubavuni mwa boti, nikakwambia tulimwachia, ukauliza kama huku tumelogwa: mtu analipia leseni, ananunua mafuta, anaacha kitanda usiku, anapata samaki wa kilo tisa, halafu anamfungulia njia aende zake. Kwenye simu wewe humwachi mtu amalize, ndiyo maana nakuandikia.

Bahari yenyewe kwanza, maana si ile unayoiwazia. Puget Sound ni mkono wa bahari ulioingia bara, na barafu ya zama za kale ndiyo iliyouchimba. Ng'ambo ya mji, karibu na Point Jefferson, kina ni kama mita 280, na ukiwa hapo bado unayaona maghorofa ya mjini. Hakuna kusi la kukufungia nyumbani wiki nzima. Kuna maji kujaa na kupwa, tena ya nguvu, tofauti yake siku za bamvua inapita mita tatu kama hapo kwetu Tanga. Kuna feri na meli za makontena, na mwisho wa kiangazi kuna ukungu unaozificha feri hizo hizo. Baridi ya maji ndiyo inayoua. Hata Agosti ni nyuzi 13 hivi, na aliyeanguka humo baada ya dakika chache vidole vyake havishiki kamba. Kwa hiyo zile kejeli zako kuhusu jaketi okozi nimezisikia na sitalivua.

Boti si yangu. Ni ya jirani, mzee mstaafu aliyekuwa fundi wa ndege, bati la alumini la futi 17 lenye mashine mbili: kubwa ya kwendea na ndogo ya kurambazia. Ndiyo, kurambaza, kuvuta mshipi nyuma ya boti inayokwenda, kazi ileile uliyonifundisha wewe. Tofauti ni kwamba nguru tunamfuata juu kwa mwendo, na samoni mkubwa hukaa chini, mita 30, 40, pengine karibu kabisa na mchanga. Basi ubavuni kuna kigurudumu chenye waya wa chuma, na mwisho wa waya chubwi la kilo tano, la mviringo kama kidaka cha nazi. Mshipi wako unaubana kwenye kibanio juu ya chubwi, vinashuka pamoja, na kigurudumu kinakuhesabia futi. Huko juu mwanzi umepinda, unatetemeka. Samaki akiuma, mshipi unachomoka kwenye kibanio, mwanzi unanyooka ghafla, na kila aliyemo botini anapiga kelele. Kuanzia hapo huvuti chubwi. Mmebaki wewe na yeye.

Chambo chao kinachekesha mpaka ukione kinafanya kazi. Bamba la plastiki la kung'aa, shubiri moja na kitu, linazunguka majini na kumulika; halina ndoana. Nyuma yake, umbali wa mita moja, kuna ngisi mdogo wa plastiki, na huyo ndiye mwenye ndoana. Wavuvi husema samoni akiona ule mmuliko hudhani mwenzake anakula, naye akaja na wivu wake. Mzee haamini plastiki. Yeye hutumia heringi aliyekatwa kichwa kwa mshazari ili azunguke akivutwa, na kisu chake hicho hakuna mwingine anayeruhusiwa kukigusa. Wakati wa kuvua unaujua bila mimi kukwambia: alfajiri, na maji yanapokaribia kusimama na yanapoanza kugeuka.

Samoni wa huku ni aina tano. Mkubwa ni Chinook, wanayemwita mfalme. Wapo coho, sockeye na chum, na mdogo wao pink. Huyo pink ana vituko: anaishi miaka miwili tu, na kwenye maji haya hurudi kwa wingi miaka ya witiri. Mwaka huu ni 2025, basi tulimpata mpaka watoto wakamchoka. Mwaka ujao ukimtafuta humpati hata wa dawa. Wote watano huzaliwa mtoni, kwenye changarawe, hushuka baharini, wengine wakazurura mpaka Alaska, kisha hurudi mto uleule waliozaliwa, wakiutambua kwa harufu ya maji yake. Mwenda tezi na omo. Wakishataga hufa, dume na jike. Kwa hiyo samoni ninayekutana naye baharini anakwenda kufa hata nisipomgusa, ila akifa kabla hajafika mtoni, mayai yake yanakufa naye. Shika hapo.

Mito ya huku iliumizwa vibaya: misitu ikakatwa, mabwawa yakajengwa, miji ikamwagwa juu ya vijito. Serikali na makabila ya wenyeji wakaweka vituo vya kutotolea. Mayai yanakamuliwa, yanarutubishwa kwenye ndoo, vifaranga vinalishwa mpaka vifikie urefu wa kidole, kisha vinafunguliwa. Kabla ya kufunguliwa hukatwa pezi moja dogo, lile laini lisilo na miiba, mgongoni karibu na mkia. Haliwahudumii sana, na likikatwa halioti tena. Miaka mitatu minne baadaye mimi namtazama samaki mgongoni. Pezi halipo: huyu katotolewa na watu, naweza kumchukua. Pezi lipo: huyu ni mtoto wa mto, arudi. Chinook wa Puget Sound wako kwenye orodha ya serikali kuu ya Marekani ya viumbe walio katika tishio tangu 1999, na sheria haina mzaha. Kumwingiza tu botini ni kosa.

Yule wa kwenye picha tulimpata nje ya Point Jefferson, kukipambazuka. Chinook hachani maji kama nguru. Yeye huzama. Anashuka, anatikisa kichwa kwa uzito, breki ya rili inalia, unasubiri, unamrudisha polepole, anaiona boti, anashuka tena kana kwamba ndiyo kwanza anaanza. Sili mmoja, mnyama wa baharini, alikuwa ameshainua kichwa nyuma yetu, anangoja, maana hao hula samaki kwenye ndoana ya mtu na sheria ya 1972 inawalinda, humfanyi kitu. Nilivuta kwa hofu ya yule sili kuliko kwa ustadi. Alipofika ubavuni ndipo nilipomwona mzima: mgongo wa kijani cheusi, madoa mpaka kwenye mkia, ufizi wa chini mweusi, ambao ndio alama ya Chinook. Mzee akainama na taa yake ya kichwani, akasema neno moja, "Pezi." Basi. Ndoana zetu hazina ule mwiba wa kurudi nyuma, nayo ni sheria, unaubana kwa koleo mpaka ulale. Akaipindua kwa kifimbo chenye kulabu, ikatoka bila kumgusa samaki kwa mkono. Samaki akakaa kidogo kando ya boti, halafu hakuwapo.

Moyo uliuma, nisikudanganye. Lakini ninakwambia kwa nini sheria hii naipenda kuliko nyingi ninazozijua: inaamuliwa na macho ya mvuvi mwenyewe, palepale majini. Hapo kwetu sheria huja na boti ya doria na watu wenye sare, mkiwaona mnakunja nyavu. Huku pia wapo maafisa, tena wakali, lakini hawawezi kuwa kwenye kila boti, na asubuhi ile palikuwa na ukungu ambao ungeficha lolote. Mzee hakuangalia huku wala huku. Hata gatini, wanaokupokea mara nyingi si askari bali vijana wa takwimu. Wanapima samaki wako, wanampitishia kifaa kichwani, na kikilia wanakuomba pua yake. Baadhi ya samaki wa kutotolewa hutiwa puani kijiwaya cha milimita moja chenye namba, na wakikisoma wanajua alifunguliwa kituo gani na mwaka gani. Mimi huwapa pua kwa furaha. Shemeji yako alidhani namtania.

Sisemi mpango wote ni safi. Wapo wataalamu wanaosema samaki wa kutotolewa wakizaliana na wale wa pori hudhoofisha kizazi, na wapo wanaoachiwa wakafa baadaye kwa kuchoka. Na jambo lililonishangaza kabisa ni la tairi. Kwa miaka mingi coho waliokuwa wakirudi kwenye vijito vya mjini walikufa baada ya mvua kabla ya kutaga, na hakuna aliyejua sababu. Mwaka 2020 watafiti wa hapa wakaikamata: dawa inayotiwa kwenye mpira wa tairi usipasuke, ikikutana na hewa inageuka sumu, na mvua huisukuma kutoka barabarani mpaka kijitoni. Mimi mvuvi nahesabiwa kila samaki ninayemchukua, na gari lililonileta gatini halihesabiwi kitu.

Hujaniuliza kuhusu nyavu, lakini ungekuwa hapa ungeziona siku ya kwanza. Sisi wa mwanzi tukifungiwa msimu, unaweza kuona boti za makabila zikitandaza nyavu ghubani mbele ya mji, na pale gatini manung'uniko yanaanza. Mimi huwa nanyamaza, au naondoka. Mwaka 1854 na 1855 makabila haya yalitia saini mikataba, wakatoa karibu ardhi yote unayoiona, wakabakiza haki ya kuvua mahali pao pa siku zote. Baadaye wakawa wanakamatwa kwa kuvua mahali hapo hapo. Billy Frank Jr., mvuvi wa kabila la Nisqually, alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1945 akiwa na miaka 14, na kabla ya mambo kwisha alikuwa amekamatwa zaidi ya mara 50. Ndipo mwaka 1974 Jaji George Boldt akaamua kwamba mkataba ni mkataba: nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa ni ya makabila. Mahakama ya juu kabisa ikaafiki mwaka 1979. Siku hizi jimbo na makabila hukaa pamoja kila mwaka kugawana kabla ya msimu. Mimi niliyekuja kwa ndege nikilalamikia wavu wa mtu ambaye babu za babu zake walivua hapa, hapo ndipo utakapokuwa na haki ya kucheka.

Mlaji mwingine ni nyangumi muuaji, wale weusi wenye mabaka meupe. Kundi la hapa hula zaidi Chinook, na wamebaki wachache. Sheria ya jimbo tangu Januari mwaka huu inataka boti ikae umbali wa yadi 1,000 nao, karibu mita 900. Niliwaona mara moja, kwa mbali. Mzee akatoa mishipi yote majini bila kuambiwa, tukakaa kimya tukiwatazama wakipita, na uvuvi wa siku ile ukawa umekwisha.

Sasa kula, maana najua umeruka mistari kutafuta hapa. Samaki unamrukisha akili kwa kirungu kidogo, unamkata matamvua, unamtia kichwa chini kwenye ndoo ya maji ya bahari damu imwagike, kisha barafu. Ukifanya hivyo nyama inakaa safi, hutaki kujua ikoje usipofanya. Chinook ana mafuta mengi mno kwa tui la nazi. Tulimpika wa kupaka, watu wakasifu kwa adabu, lakini mafuta juu ya mafuta ni kero. Yeye anataka chumvi, ndimu, pilipili na makaa, basi. Coho ndiye wa kupaka. Na pink, ambaye wenyewe humdharau na wengine humfanya chambo cha kaa, akitiwa kwenye mchuzi wa ukwaju na bilinganya siku hiyo hiyo aliyovuliwa, utaomba sahani nyingine. Nimemlisha Mzee mchuzi huo na sasa ananiuliza kila nikikutana naye uzioni kwake.

Kuna mtu wetu anakuja Tanga mwezi wa Desemba. Nimempa kifurushi chako: ngisi wa plastiki wa rangi tatu, mabamba mawili, na vizungusho vya chuma ambavyo mshipi hausokoteki. Hawa ngisi ni wa samaki wa maji baridi, lakini kolekole hasomi lebo. Jaribu wa waridi kwanza, nje ya mwamba, asubuhi, bila bamba. Halafu jaribu na bamba, uniambie yupi kaumwa. Na kwa kuwa huna kile kigurudumu, funga chubwi lako la kawaida hatua tano mbele ya ngisi, uende polepole kuliko unavyopenda. Mashine mpya ukishaipata nitumie sauti yake, nisikie kama ni ya kweli au umeuziwa bati.

Wasalimie wote pale bandarini, na mama mwambie nitampigia Ijumaa.

Nduguyo,
Bahari wa Seattle (ndivyo wanavyoniita watoto siku hizi, usicheke)