Barua kwa sahibu yangu mwalimu mkuu

Chake Chake, Pemba

Sahibu yangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta wewe na wanao mko katika afya njema. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, hasa pale unaposema kwamba yule mwalimu wako aliyeumia mgongo amekaa nyumbani miezi mingi, kwamba daktari amekwisha kuandika kuwa anaweza kuanza kazi nyepesi, na kwamba umekusudia kumwita ofisini umweleze wajibu wake kwa wanafunzi. Nakuomba unisikilize kabla hujamwita. Kushauri watu wa namna hii ndiyo kazi yangu, na hili ninalokuambia naliamini kwa moyo wote: mtu aliyekaa nje ya kazi muda mrefu harudishwi na hoja za mkubwa wake, hata zikiwa za haki. Hurudishwa na sababu anazozitamka kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mtu anayemsikiliza bila ya kumhukumu.

Njia hii ya kumsikiliza mtu hadi azitamke sababu zake mwenyewe huitwa ushauri nasaha wa kuamsha hamasa, nao haukuanzia kwenye mambo ya ajira, ulianzia kwa watu waliozama katika ulevi. Mwanasaikolojia wa Kimarekani, William R. Miller, aliueleza kwa maandishi mwaka 1983, baada ya kukaa kwa muda na wataalamu wenzake huko Bergen, Norwei, na baadaye akauendeleza pamoja na Stephen Rollnick. Msingi wake ni kwamba mtu mwenye nia mbili akisukumwa upande mmoja hujikuta akiutetea upande wa pili, na kadiri anavyoutetea ndivyo anavyozidi kuuamini. Mwalimu wako, kwa jinsi ulivyonieleza, anataka kurudi na anaogopa kurudi. Ukimwambia kuwa watoto wanamsubiri, atakujibu kuwa mgongo bado unamuuma, nawe utakuwa umemsaidia kuijenga hoja ya kubaki nyumbani.

Kwa hiyo usimwite ofisini, mwendee kwake. Wewe unajua desturi yetu ya kumzuru mgonjwa: wiki za mwanzo ukumbi hujaa, walimu wenzake huja na matunda na dua, kisha miguu hupungua, hadi ukafika wakati ambapo hakuna mtu wa skuli anayebisha hodi. Mimi naona ukimya huo huwaumiza watu kuliko tunavyodhani. Mgonjwa huanza kuamini kwamba nafasi yake imezibwa, kwamba wenzake wanamsema, na siku ya kurudi hugeuka kuwa siku ya kukabili macho ya watu.

Ukifika, baada ya kujuliana hali, muombe ruhusa ya kuzungumzia kazi. Usiulize maswali yanayojibiwa kwa ndiyo au siyo. Muulize siku zake zinakwendaje tangu alipoumia, ni jambo gani la skuli analolikosa, na akifikiria kusimama tena darasani ni kitu gani kinachomtia hofu zaidi. Kisha nyamaza. Atakapojibu, mrudishie maana ya alichokisema kwa maneno yako, ili asikie kuwa amesikika, na umpe nafasi ya kukusahihisha. Akisema, kwa mfano, "Nachoka kulala, lakini nikisimama nusu saa tu mgongo unawaka," wengi wetu tungekimbilia kwenye huo mgongo unaowaka. Wewe shika yale maneno ya mwanzo, kwamba amechoka kulala, na umuombe akueleze zaidi.

Liko swali moja ambalo nalipenda sana. Muulize, kutoka 0 hadi 10, kurudi kazini kuna umuhimu gani kwake hivi sasa. Akikutajia 4, usimuulize kwa nini si 9, kwa sababu hapo atakuhesabia vikwazo. Muulize kwa nini ni 4 na si 1. Kulijibu swali hilo humlazimu atafute mwenyewe yale yanayomvuta: mshahara, heshima, wanafunzi wake, au hata kuwa na pa kwenda asubuhi. Baada ya hapo muulize, kwa kipimo hicho hicho, ana imani kiasi gani kwamba ataweza. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na mtu anaweza kuwa na 9 kwenye la kwanza na 2 kwenye la pili.

Nilimpata karani mmoja aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa mguu, ambaye ofisi yake ilikuwa imekwisha kumhesabu kuwa mvivu. Alipopewa nafasi ya kusema, ilibainika kuwa kazi yenyewe hakuwa akiihofia hata kidogo. Alihofia kupanda gari ya abiria asubuhi kutoka Wete, watu wakisukumana na mguu haujapata nguvu. Mwenyewe ndiye aliyependekeza kuingia kazini muda wa saa mbili baada ya wenzake, gari zinapokuwa na nafasi. Hakuna mkubwa ambaye angelibuni jawabu hilo kwa niaba yake.

Huenda mwalimu wako akakuambia kuwa amemwachia Mungu. Usimjibu kwa mawaidha. Muulize, kwa upole na kwa dhati, katika hayo aliyomwachia Mungu, ni hatua gani anayoona iko mikononi mwake. Na mamake akiwa karibu, kama ulivyonidokeza kuwa ndiye anayemzuia, mheshimu na umshirikishe, kwa sababu hofu ya mzazi haishindwi kwa kufichwa.

Sitaki ukadhani kuwa mazungumzo pekee yanatosha. Huko Norwei, ambako mfanyakazi mgonjwa anaweza kulipwa hadi wiki 52, njia hii ilijaribiwa katika ofisi za hifadhi ya jamii, na vikao viwili tu havikuonekana kuwarudisha watu kazini mapema kuliko utaratibu wa kawaida. Mimi sishangai. Mtu akishapata nia akakuta kazi ni ile ile iliyomshinda, nia hiyo itakufa. Basi kabla hujamwendea, tazama ratiba yako: je, anaweza kupewa mkondo mmoja tu, wa asubuhi au wa mchana, darasa la chini badala ya ghorofani, kiti cha kukalia anaposomesha, na mwenzake wa kumsaidia kuandika ubaoni kwa wiki za mwanzo? Maumivu ya kawaida ya mgongo hupungua zaidi kwa kujizoeza taratibu kuliko kwa kulala, lakini hilo alisikie kwa daktari wake, si kwako. Na akitaja ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia haja, wacha habari za kazi kabisa na umhimize aende hospitali siku hiyo hiyo.

Usiende na fomu ya kutia saini. Akikubali hatua moja ndogo, kama kuja skuli siku moja kuwaamkia wenzake bila ya kufundisha, ichukue hiyo, mkubaliane siku, na urudi kwake baadaye kumuuliza ilikuwaje.

Niandikie utakapotoka kwake, hasa namba alizokutajia na sababu alizozitoa, ili tutazame pamoja kikao cha pili kiendeje. Nisalimie watoto na mama.

Wasalaam,
Sahibu yako wa Pemba