Kabla hujaitaja asilimia 32

Mpendwa Zawadi,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Nimefurahi kusikia kwamba kamati ya mazingira ya kaunti imekukabidhi kazi ya kuwafafanulia wajumbe ahadi ya Kenya ya kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto. Usianze na ile asilimia 32 inayotajwa kila mahali. Anza na tani milioni 143.

Hizo si tani tunazotoa sasa. Ni makadirio ya kiasi ambacho Kenya ingetoa mwaka 2030 kama hakuna hatua ambayo ingechukuliwa, gesi zote zikigeuzwa kuwa sawa na kaboni dayoksaidi. Ahadi iliyowasilishwa Desemba 2020 chini ya Mkataba wa Paris, makubaliano ya nchi za dunia kuhusu tabianchi, inakata asilimia 32 ya makadirio hayo. Piga hesabu: zinatoka kama tani milioni 46, zinabaki 97. Sasa tazama mwaka 2015, ambapo waraka huohuo unasema tulitoa milioni 93.7. Kwa hiyo Kenya haikuahidi kushuka chini ya ilipokuwa. Iliahidi kutopanda sana huku watu na uchumi vikiongezeka. Kwa nchi inayochangia kidogo namna hii, naiona ni ahadi ya haki. Lakini wajumbe waelezwe waziwazi, maana asikiaye asilimia 32 hudhani theluthi ya moshi wa leo itatoweka.

Makadirio ya aina hii yana hatari yake. Kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha Lamu, megawati 1,050, kilifutiwa leseni ya mazingira na mahakama maalumu Juni 2019. Makadirio yakihesabu kiwanda kama hicho halafu kisijengwe, tani "zinapungua" bila mtu kufanya lolote. Umeme wetu tayari unatoka zaidi kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua, kwa hiyo upande huo hauna mengi ya kukata. Kazi kubwa iko zizini na msituni, na huko ndiko kaunti yenu ina mkono.

Chukua ng'ombe. Miongozo ya 2006 ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, kwa hesabu ya ngazi ya kwanza, iliyo rahisi kuliko zote, inampa kila ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa kilo 31 za methani kwa mwaka. Methani huzidishwa mara 28 ili igeuzwe kuwa sawa na kaboni dayoksaidi, kwa kipimo cha joto inaloleta katika miaka 100. Unapata kilo 868, karibu tani nzima kwa kichwa kimoja. Ubaya ni kwamba kila ng'ombe amepewa namba ileile. Mfugaji apande nyasi bora, achanganye lishe, amtibu mnyama mapema, hesabu haisogei hata kidogo. Inasogezwa na idadi ya vichwa tu. Ngazi ya pili inadai uzito wa mnyama, lita za maziwa kwa siku na jinsi lishe inavyomeng'enyeka, kisha inachukua kama asilimia 6.5 ya nishati ya chakula kuwa ndiyo inayotoka kama methani. Kenya tayari imefanya hesabu ya ngazi hii kwa ng'ombe wa maziwa. Hapo ndipo wengi hujikwaa: ng'ombe anayelishwa vizuri hula zaidi, hivyo methani yake inaweza kupanda, huku methani ya kila lita ya maziwa ikishuka. Jumla ya kaunti itapungua ikiwa tu maziwa yaleyale yatatoka kwa ng'ombe wachache zaidi. Mradi ukiwaonyesha wajumbe namba ya methani kwa lita peke yake, waulize idadi ya ng'ombe.

Kwenye miti, lengo la taifa ni bilioni 15 ifikapo 2032, ili miti ifunike asilimia 30 ya nchi. Ninachokuomba ukisimamie kwa nguvu ni hiki: ripoti zisiishie kwenye miche iliyogawiwa. Mche uliopandwa mvua ikiisha hufa kwa kiangazi, na usiozungushiwa uzio huliwa na mbuzi. Kaboni haihesabiwi kwa mche, bali kwa shina lililo hai, kipenyo kikipimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Tengeni vipande vya ardhi vya sampuli, mhesabu miti iliyo hai mwaka wa kwanza na wa tatu, kwa aina ya mti.

Akija mwekezaji wa mikopo ya kaboni, ambayo si deni bali ni tani zilizopunguzwa zinazouzwa, kumbukeni mawili. Tani iliyouzwa kwa nchi nyingine chini ya Ibara ya 6 ya Mkataba wa Paris haihesabiwi tena kwenye ahadi ya Kenya. Pia sheria ya mabadiliko ya tabianchi, baada ya marekebisho ya 2023, inaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka kwa miradi ya ardhi, na asilimia 25 kwa mingine. Hayo yaandikwe kwenye mkataba kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.

La fedha lisiwapite. Serikali ilisema itabeba asilimia 21 ya gharama za kupunguza gesi; asilimia 79 inategemea msaada wa nje. Bajeti ya kaunti isiandikwe kana kwamba fedha hizo zimeshafika.

Ukipata takwimu za mifugo kutoka kwa afisa wa mifugo, nitumie kabla ya kikao. Angalia kama ng'ombe wa maziwa wametenganishwa na wa nyama. Wasipotenganishwa, mrudishie azigawe kwanza.

Wako,
Baraka